Kumtetea Kasuku

Lipo tusi moja ambalo sisi walimu twalitumia bila kuona haya, nalo ni kumwita mwanafunzi kasuku. Mwanafunzi akikariri maelezo ya kitabu neno kwa neno, kisha akashindwa kueleza maana yake, twamwambia, "Wewe ni kasuku tu." Darasa hucheka, mkosaji huinamisha kichwa, na somo huendelea. Mimi nami nimelitumia tusi hilo mara nyingi. Nililirithi kwa walimu wangu. Nikalisikia tena katika chuo cha ualimu, ambako tulionywa kila juma tusije tukafundisha kasuku badala ya watu. Nikaingia nalo darasani kama nilivyoingia na chaki mkononi.

Siku moja nilimtupia neno hilo msichana wa Kidato cha Tatu. Yeye hakuinamisha kichwa. Alisimama kwa adabu, akauliza, "Samahani, mwalimu. Wewe umewahi kumwona kasuku?"

Nilitaka kumkaripia, lakini swali lake lilikuwa la haki. Jina la kasuku nilikuwa nimelisoma tangu utotoni juu ya madaftari na juu ya mikebe ya mafuta ya kupikia. Kasuku mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja tu, barazani kwa mtu, ndani ya kizimba kilichotundikwa ukutani, naye amejinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikawa wazi. Kasuku aliye huru, juu ya mti wake, sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilimkiri msichana yule kwamba ndege ambaye jina lake nililigeuza tusi, mimi mwenyewe sikumjua. Akashukuru, akaketi.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza mengi juu ya ndege huyu, na kadiri nilivyosoma ndivyo aibu yangu ilivyozidi. Nimeona kwamba tusi letu ni sehemu ndogo ya dhuluma kubwa. Kasuku amesimama kizimbani kwa maana zote mbili za neno hilo: ameshtakiwa, na tena amefungwa. Nakuomba wewe, msomaji, uwe hakimu wake. Lakini usikilize utetezi kabla ya kutoa hukumu.

Kwanza yafaa umjue mshtakiwa. Ninayemsemea ni kasuku wa kijivu wa Afrika. Urefu wake ni sentimita 33 hivi, na uzito wake ni gramu 400 na ushei. Mwili wake una rangi ya majivu ya kuni, na mkia wake ni mwekundu kama kaa la moto lililosahauliwa ndani ya majivu hayo. Uso wake ni mweupe kuzunguka macho, na mdomo wake ni mweusi, umepinda kama ndoana. Chakula chake ni mbegu, kokwa na matunda ya msitu, na katika vyote hivyo hupenda sana chikichi. Hajengi kiota cha vijiti. Hutaga ndani ya mvungu wa mti mkubwa, juu kabisa, mayai machache tu. Huyaatamia muda wa mwezi mmoja, na makinda hukaa mvunguni karibu juma 12 kabla hayajaweza kuruka. Dume na jike huishi pamoja mwaka baada ya mwaka. Jioni makundi hukusanyika kulala mahali pamoja, yakipita juu ya msitu kwa mbinja na makelele, kila mmoja akimwita mwenziwe.

Zingatia jambo moja katika habari hizo: uzazi wake ni wa polepole. Ukimpoteza kuku, vifaranga wa mwaka huu watajaza pengo lake. Kasuku sivyo. Hungoja miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hutaga machache, na huhitaji mti mkuukuu wenye mvungu, ambao wenyewe hauoti kwa mwaka mmoja wala kwa miaka kumi.

Nchi zake ni nyingi. Chukua ramani ya Afrika, uweke kidole juu ya Kodivaa, kisha ukivute kuelekea mashariki: Ghana, Nigeria, Kameruni, Guinea ya Ikweta, Gabon, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kongo zote mbili, kaskazini mwa Angola, halafu Uganda, pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, na mwisho magharibi mwa Kenya. Kando ya pwani ya Atlantiki yumo pia katika visiwa vya Bioko na Príncipe. Upande wa magharibi zaidi, tangu Guinea-Bissau hadi Sierra Leone, Liberia na sehemu ya Kodivaa, yuko ndugu yake mdogo, mwenye rangi iliyokoza na mkia wa rangi ya damu ya mzee, ambaye wataalamu wa siku hizi humhesabu kuwa ndege wa aina yake peke yake.

Huo ndio ukanda wa msitu mkuu wa Afrika, nao ulikuwa ukifika mpaka kwetu. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha msitu ule ambao zamani uliungana na ule wa Kongo. Uganda bado waweza kumsikia kasuku katika msitu wa Mabira na katika miti ya Entebbe karibu na ziwa. Kenya hana kwao pengine isipokuwa Kakamega, na huko ameadimika mno, hata mtu aweza kutembea msituni siku nyingi asisikie mbinja yake. Basi jambo hili si la nchi za mbali. Katika nyumba hii ndefu ya kasuku, sisi tumekalia chumba cha mwisho, nacho kimekaribia kuwa kitupu.

Sasa na tusikilize mashtaka. Shtaka ni kwamba kasuku husema asilolijua. Nani aliyethibitisha hayo? Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka moja la Chicago, akampa jina la Alex, akamfundisha kwa miaka 30. Alex alijifunza kutaja vitu vipatavyo 50, pamoja na rangi na maumbo yake, na kuhesabu mpaka 6. Alipoonyeshwa vitu viwili akaulizwa vimetofautiana kwa nini, alijibu kama ni rangi, umbo au kitu vilichotengenezwa nacho. Na vilipokuwa sawa kwa yote, alijua kusema kwamba hakuna tofauti. Alex alikufa mwaka 2007. Mimi nimewahi kusahihisha karatasi za watahiniwa ambao, walipokosa tofauti ya kuandika, walibuni moja.

Si akili tu. Mwaka 2020 wataalamu wa Ulaya walitangaza matokeo ya jaribio jingine. Waliwaweka kasuku wawili wa kijivu katika vyumba vilivyopakana, vyenye tundu dogo kati yake. Ndege wote walikuwa wamekwisha kufunzwa kubadilisha vipande vidogo kwa kokwa, kama mtu abadilishavyo sarafu kwa mkate. Mmoja alipewa vipande, lakini njia yake ya kubadilisha ikazibwa. Mwenziwe alikuwa na njia, lakini hakuwa na vipande. Wengi wa kasuku wale walivipitisha vipande kwa jirani, mmoja baada ya mwingine, ijapokuwa hawakupata kokwa hata moja kwa wema huo. Yule ambaye sisi twamtolea mfano wa ujinga alimwona mwenziwe mhitaji, akampa.

Wala msituni kasuku hasemi maneno ya watu. Huko sauti yake ina kazi: huitana na mwenzi wake, huonya hatari, hulijua kundi lake. Ni ndege wa jamaa, hawezi kuishi pweke. Umfungiapo barazani, ukamtenga na ndege wenziwe wote, hutafuta jamaa mpya, asione mwingine ila wewe. Basi hujifunza sauti yako, kwani ndivyo ndege huyu afanyavyo ili apokewe. Akisema "Karibu, karibu" wageni hucheka. Mimi naliona neno hilo kuwa ombi la mfungwa, na nikilisikia siwezi kucheka tena.

Nimesema kwamba tusi ni sehemu ndogo ya dhuluma. Sasa nitakwambia iliyo kubwa. Watu hawakumpenda kasuku kwa rangi yake, kwani wapo ndege wazuri kumpita; walimpenda kwa sauti yake. Na njia mojawapo wanayoitumia kumnasa ni sauti hiyohiyo. Mwindaji huchukua kasuku aliyekwisha kukamatwa, akamfunga juu ya mti wanapopita wenziwe, akapaka ulimbo kwenye matawi. Mfungwa hulia. Wenziwe wakipita hewani humsikia, hushuka kumwitikia, na kila atuaye hunata. Kisha hukatwa manyoya ya mabawa, husongamanishwa ndani ya vikapu na masanduku, na safari huanza. Fikiri hayo, msomaji. Lau kasuku angekuwa ndege mbinafsi asiyejali kilio cha mwenziwe, mtego huo usingemshika. Ananaswa kwa wema wake.

Ni wangapi walionaswa? Mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, yajulikanayo kwa jina la CITES, yana hesabu zake. Tangu mwaka 1975 hadi 2013 kasuku zaidi ya 1,300,000 waliokamatwa msituni waliuzwa nchi za nje kwa vibali halali. Hao ni wale walioandikwa. Waliokufa juu ya ulimbo, waliokosa hewa masandukuni, waliokufa kwa kiu kabla ya kufikishwa bandarini au uwanja wa ndege, na waliopitishwa kwa magendo, hawakuandikwa na mtu. Nchini Ghana, ambako zamani makundi makubwa yalionekana kila jioni, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1992 idadi yao imepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Mahali palipokuwa na ndege 100, wamesalia 10. Pengine amesalia mmoja.

Marekani ilifunga mlango wake kwa sheria ya mwaka 1992. Umoja wa Ulaya uliufunga wake mwaka 2005, kwa kuogopa homa ya ndege zaidi ya kumhurumia ndege mwenyewe, na mwaka 2007 ukaufunga moja kwa moja. Biashara haikufa, iligeuza njia, ikaelekea masoko mengine, ya Asia na nchi za Ghuba yakiwamo. Hatimaye, mwaka 2016, mataifa yalikutana Johannesburg kuamua kama kasuku wa kijivu apewe ulinzi wa daraja ya juu kabisa, yaani wa msituni asiuzwe tena nje kwa biashara. Kongo ya Kinshasa ilipinga. Gabon, Nigeria, Angola na Togo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoleta pendekezo hilo. Kura 95 ziliunga mkono, 35 zikakataa, na amri ikaanza kutumika Januari 2017. Nataka ukumbuke majina ya nchi hizo za Afrika, kwa maana wako wasemao kwamba kuwahurumia wanyama ni fikira ya wageni. Hasha. Waliosimama kumtetea kasuku walikuwamo wenye nyumba yake.

Najua utaniletea hoja, na mwalimu asiyependa kujibiwa hafai kufundisha. Nitazitaja zile nilizozisikia mara nyingi.

Hoja ya kwanza: wako kasuku waliozaliwa vizimbani, kama wale wazalishwao kwa maelfu Afrika ya Kusini, kununua hao kuna kosa gani? Najibu kwa swali. Ukiletewa sokoni ndege wawili wa kijivu, utamtambuaje aliyezaliwa kizimbani na aliyeibwa mvunguni? Sura yao ni moja, na muuzaji hana sababu ya kukwambia kweli. Maadamu hamu ya kufuga ipo, aliyeibwa atapata mnunuzi, na kibali cha mmoja kitamfunika mwingine.

Hoja ya pili: mwindaji ni maskini, naye ana watoto. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na sitaki kuipuuza. Lakini tazama fedha huenda kwa nani. Apandaye mti kwa kamba na kuhatarisha shingo yake hupata senti. Faida hukaa kwa wasafirishaji na wauzaji wa mijini na ng'ambo. Tena, mali gani hiyo imalizikayo mara moja? Ghana ilikwisha kumaliza. Mtoto wa mwindaji amerithi umaskini wa baba yake na msitu uliotulia kimya. Atakaye kumsaidia maskini na amtafutie kazi isiyomalizika.

Hoja ya tatu husemwa kwa upole, nayo ndiyo mbaya kupita zote: "Mimi nampenda kasuku wangu; namlisha, namsemesha, hakosi kitu." Ndugu yangu, mwenye baraza ile niliyokutajia alisema maneno hayohayo. Alikuwa mtu mwema. Alimpa kasuku wake karanga na ndizi kwa mkono wake mwenyewe. Na ndege alikuwa akijinyonyoa. Kasuku akitunzwa kizimbani aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Hesabu siku hizo zote bila kuruka, bila kundi, bila mvungu, kisha uniambie kama karanga zatosha kuwa malipo. Penzi lisilomwacha mpendwa anyooshe mabawa yake ni tamaa iliyovaa nguo nzuri.

Na hoja ya mwisho: Kenya haina kasuku wengi, basi sisi tuna neno gani? Tunalo, tena kubwa. Wetu wametoweka kwa shoka na panga kama kwa mtego. Msitu wa magharibi ulikatwa kwa mbao, kwa makaa, kwa mashamba; na miti mikongwe yenye mivungu, ambayo mkataji huiona haina faida, ndiyo iliyokuwa nyumba za uzazi. Isitoshe, sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa mwituni bila kibali, lakini sheria haina macho. Macho ni yako. Kila kasuku aliyetundikwa barazani na kusifiwa na wageni ni tangazo la biashara lisilolipiwa. Mtoto wa jirani humwona, humtamani, na mahali fulani msituni mtu huanza kupika ulimbo.

Basi, msomaji, nakuomba mambo machache ambayo kijana wa shule anayaweza. Usinunue kasuku, wala usikubali kupewa zawadi. Ukiingia nyumba yenye kizimba, usimcheke ndege wala usimsifu mwenye nyumba. Mwulize kwa adabu alimpata wapi, kama mwanafunzi wangu alivyoniuliza mimi. Ukiwaona ndege wakiuzwa kwa siri, wapashe habari maofisa wa wanyamapori. Na ikiwa kwenu ni karibu na Kakamega au msitu wowote, mtetee mti mkongwe wenye mvungu kama ambavyo ungemtetea mzee wa ukoo, hata kama hautoi tena mbao nzuri.

Kuhusu lile tusi, nimeliacha. Nimeona kwamba mwanafunzi hakariri kwa ujinga. Aghalabu hukariri kwa hofu: hofu ya mtihani, ya kuchekwa, ya mwalimu aliye na neno kali mdomoni. Siku hizi mwanafunzi akinisomea maelezo ya kitabu neno kwa neno, humwuliza swali la pili, kisha hungoja. Mara nyingine hungoja sana.

Msichana wa Kidato cha Tatu amekwisha kumaliza shule. Swali lake sijaweza kulijibu kama nitakavyo, kwani mpaka leo sijamwona kasuku aliye huru. Nina nia ya kwenda Mabira likizo ijayo, nisimame chini ya miti wakati wa jioni. Kama wewe utaweza kumwona Kakamega, ndani ya nchi yako mwenyewe, utakapokuwa na umri wangu, hilo litategemea hukumu utakayoitoa sasa.